Bahasha za Agosti 1960: kisa cha somo la sera ya nje ya Marekani katika darasa la nane

Kengele ilikuwa imeshalia na wenzake wameshatoka. Yeye alibaki mbele ya ubao, begi begani, akilisoma jedwali langu kutoka juu hadi chini kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Shikamoo, mwalimu." Tukiwa wawili huwa tunaongea Kiswahili.

"Marahaba."

"Mwalimu, mbona Kongo haipo hapa?"

Shule yetu iko Buffalo, jimbo la New York. Nafundisha Maarifa ya Jamii kwa watoto wa miaka 13 na 14. Katika jimbo hili, darasa la nane ndilo linalosoma historia ya Marekani kuanzia miaka ya baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe hadi leo, na sera ya mambo ya nje ina nafasi kubwa ndani yake. Mimi ni mzaliwa wa Tanzania. Kijana aliyeniuliza alizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, Kigoma. Wazazi wake ni Wabembe wa Fizi, Kivu Kusini. Darasani yumo pia binti ambaye bibi yake alihama kutoka Puerto Rico, wamo watoto wa Burma, Bangladesh na Yemen, na wapo wajukuu wa watu waliofanya kazi kwenye viwanda vya chuma vya hapa hapa.

Mji wenyewe unafaa kwa somo hili. Tarehe 5 Septemba 1901 Rais William McKinley alihutubia hapa kwenye maonyesho makubwa, akasema kwamba Marekani haiwezi tena kujitenga na dunia. Kesho yake alipigwa risasi kwenye maonyesho hayo hayo, na tarehe 14 akafariki. Ndiye aliyeiingiza Marekani katika vita na Uhispania mwaka 1898, vita vilivyoishia kwa Marekani kuchukua Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Mnara wake umesimama katikati ya mji, na mada nilikuwa nimeianzia pale, wanafunzi wakiuzunguka na madaftari yao.

Baada ya kuuacha mnara, nikarudi kwenye jedwali. Lilikuwa na safu nne: mwaka, rais, jina la sera, lengo. 1823, Monroe. 1904, Theodore Roosevelt. 1947, Truman. 1948, Mpango wa Marshall. 1957, Eisenhower. 1969, Nixon. Wanafunzi walilikariri vizuri, na kwenye majaribio ya kuchagua jibu walipata alama nzuri. Kasoro ilijitokeza nilipowaambia waandike aya moja tu. Wengine waliandika kwamba Marekani ilikuwa ikizisaidia nchi nyingine kupata uhuru, wengine kwamba ilikuwa ikizionea. Katika aya zote hizo sikumwona mtu aliyekaa akaamua jambo. "Marekani ilitaka", "Marekani iliogopa", utadhani nchi ina kichwa kimoja na moyo mmoja. Mtoto akishaandika hivyo hana cha kuuliza tena. Kinachobaki ni kuchagua upande.

Swali la yule kijana lilinionyesha kasoro ilikotoka. Kongo haikuwemo kwa sababu hakuna rais wa Marekani aliyeitungia sera yenye jina. Jedwali langu lilikuwa linapokea sera zilizobatizwa peke yake. Sehemu kubwa ya sera ya nje haibatizwi: ni telegramu, ni mkataba wa ununuzi, ni ndege inayopaa usiku, ni mgeni anayefika Washington na kumkosa mwenyeji.

Nilimwomba anipe wiki moja.

Uzi kwenye ramani

Nilianza na madini ya urani, jambo nililokuwa nikilijua nusunusu. Mgodi wa Shinkolobwe uko Katanga, upande wa Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya migodini na mitaani tangu zamani. Madini yake hayakuwa na mfano. Mengine yalifikia asilimia 65 ya oksaidi ya urani, wakati kwingineko mgodi uliokaribia hata asilimia 1 ulihesabiwa kuwa wa maana. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alihofu madini hayo yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani, akasafirisha zaidi ya tani 1,000 kwa meli hadi New York, yakahifadhiwa ghalani Staten Island. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimfuata ofisini na kuyanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la atomiki, likiwemo lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka Kongo.

Lililonikalisha macho ni lile lililofuata. Kiwanda cha Linde cha Tonawanda, mji unaopakana na Buffalo upande wa kaskazini, kilichakata urani wakati wa vita, ikiwemo ya Kongo. Mabaki yenye mionzi ya madini ya Kongo yakaja kuhifadhiwa Lewiston, jirani na maporomoko ya Niagara, kwenye eneo ambalo leo linasimamiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani. Kutoka shuleni kwetu ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Miaka yote niliyofundisha hapa nilikuwa nikiwaambia watoto kwamba sera ya nje ni mambo ya mbali.

Wiki iliyofuata tulitundika ramani ya dunia na kufunga uzi kutoka Shinkolobwe hadi Staten Island, kisha Tonawanda, kisha Lewiston. Binti wa Puerto Rico akauliza nani aliwauliza watu wa Kongo. Nilimjibu kwamba Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, mapatano yalikuwa kati ya kampuni na jeshi, na hakuna Mkongo aliyetia saini. Akalitazama jedwali, akasema tuongeze mstari wa 1942. Tukaongeza. Kwenye safu ya jina la sera hatukupata cha kuandika.

Kiti nilichokiweka vibaya

Mafanikio ya siku ile yalinipa kichwa. Kwa sehemu ya pili, yaani Agosti 1960, nikapanga igizo dhima. Niliweka meza katikati ya darasa na viti vya Rais Dwight Eisenhower, Allen Dulles mkurugenzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na Christian Herter waziri wa mambo ya nje. Mbele yao nikaweka kiti kimoja cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Kiti hicho nikampa kijana wa Fizi. Nilidhani nampa heshima. Hakukataa. Mtoto wa kwetu hamkatalii mwalimu mbele ya darasa, na mtu mzima pekee mle ndani aliyepaswa kulijua hilo nilikuwa mimi.

Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha aliyeigiza Dulles, mvulana mchangamfu asiye na ubaya wowote, akatangaza kwamba mtu huyu lazima aondolewe, na wenzake wakapiga meza kwa shangwe kama timu iliyofunga bao. Kijana alikaa, akainamisha kichwa juu ya meza, na hakukiinua hadi kengele ilipolia.

Kesho yake asubuhi mama yake alikuja naye. Tulisalimiana kirefu, tukaulizana habari za nyumbani, ndipo akasema: "Mwalimu, nashukuru unavyomfundisha mtoto. Lakini sisi kule tulikimbia kuuawa. Mtoto wangu asije akauawa huku darasani, hata kwa mchezo."

Nilimwomba radhi yule mama. Siku hiyo hiyo nikamwomba radhi mtoto wake mbele ya darasa zima, kwa kuwa kosa lilitendeka mbele yao.

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi. Igizo dhima ni mbinu nzuri tuliyofundishwa vyuoni, na bado naitumia kufundisha soko, baraza la mji au kesi mahakamani. Kwa uamuzi wa kumwondoa mtu duniani haifai. Inampa mtoto utamu wa mamlaka bila uzito wake, na kwa kuwa ni mchezo, darasa linatafuta mshindi. Lingine ni kumfanya mtoto mmoja awe nchi nzima. Yeye alizaliwa Tanzania, amekulia kambini, ana miaka 13. Nami nilimkalisha pale ajibu kwa niaba ya Kongo.

Kuna kosa jingine ambalo sikuliona hadi niliporudi kwenye nyaraka, na kwa mwalimu wa historia ndilo zito kuliko yote. Meza ile haikuwahi kuwepo. Lumumba alifika Washington mwishoni mwa Julai 1960, akaonana na Herter. Eisenhower hakuwepo mjini na hakukutana naye. Waliozungumza juu ya kumwondoa hawakuwahi kumketisha mbele yao wakamsikiliza. Kwa kuweka kile kiti nililificha jambo lenyewe nililotaka watoto walione: kwamba hatima yake ilijadiliwa na watu ambao yeye hayupo kati yao.

Bahasha saba

Nikaanza upya. Hakuna wa kuigiza mtu. Kila kikundi kilipewa bahasha saba zilizofungwa, kila moja ina tarehe juu yake, na hairuhusiwi kufungua inayofuata kabla ya kuandika majibu ya iliyotangulia. Maswali yalikuwa yale yale kila mara. Siku hii watu wa Washington wanajua nini kwa hakika? Wanadhania nini? Wana njia zipi mbele yao? Nani hajaulizwa?

Bahasha ya kwanza ilikuwa uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 na siku zilizofuata. Ubelgiji iliiacha nchi kubwa mno ikiwa na Wakongo wasiofika 30 wenye shahada ya chuo kikuu, na jeshi ambalo maofisa wake wote walikuwa Wabelgiji. Siku chache baadaye askari wakaasi, majeshi ya Ubelgiji yakaingia, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga, yenye migodi, imejitenga.

Ya pili ilikuwa na azimio la Baraza la Usalama la tarehe 14 Julai la kupeleka askari wa Umoja wa Mataifa, pamoja na habari ya telegramu ambayo Rais Kasavubu na Lumumba walimpelekea Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, wakimwomba aifuatilie hali kwa karibu. Hapa watoto walinishangaza. Mmoja aliona kwamba waliotia saini ni wawili. Akauliza mbona Kasavubu baadaye hakuhesabiwa kuwa mtu wa Warusi. Nimesoma habari za Kongo miaka mingi na swali hilo sikuwahi kulikazia macho namna ile.

Ya tatu ni ile safari ya Washington, ambako Lumumba aliomba msaada akaelekezwa aupitishe Umoja wa Mataifa. Ya nne ni Agosti: Umoja wa Mataifa unakataa kutumia nguvu kuirudisha Katanga, Lumumba anakubali ndege na malori ya Umoja wa Kisovieti, na tarehe 18 mwakilishi wa CIA mjini Léopoldville (Kinshasa ya leo), Larry Devlin, anatuma telegramu akisema wakomunisti wako mbioni kuitwaa serikali. Kabla ya kufungua ya tano, kila kikundi kiliandika kingefanya nini. Wengine wangempa Lumumba msaada ili asiuhitaji wa Sovieti. Wengine wangeibana Ubelgiji iondoe askari wake. Wapo waliosema Lumumba aondolewe madarakani kwa kura ya bunge lake mwenyewe. Hakuna aliyeshangilia.

Bahasha ya tano ni ya tarehe 26 Agosti 1960. Dulles anamwandikia mtu wake wa Léopoldville kwamba kuondolewa kwa Lumumba ni lengo la haraka na la kwanza. Mwezi uliofuata mwanasayansi wa CIA, Sidney Gottlieb, alifika Kongo na sumu. Haikutumika. Ya sita inaeleza yaliyotokea: tarehe 5 Septemba Kasavubu anamfukuza kazi, tarehe 14 Kanali Mobutu anatwaa madaraka, Desemba Lumumba anakamatwa, na tarehe 17 Januari 1961 anauawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, mikononi mwa watu wa Tshombe, maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Zilikuwa zimebaki siku tatu Kennedy aapishwe kuwa rais wa Marekani.

Muda mrefu zaidi tuliutumia kwenye ya saba. Mwaka 1975 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Frank Church ilichunguza mambo haya. Ilithibitisha kwamba CIA ilipanga kumuua Lumumba, na haikupata ushahidi kwamba CIA ilihusika na mauaji yenyewe. Mwandika kumbukumbu mmoja wa Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani, Robert Johnson, alitoa ushahidi kwamba kwenye mkutano wa Agosti 1960 alimsikia Eisenhower akisema maneno aliyoyaelewa kuwa ni amri ya kuua. Wengine waliokuwa kwenye mikutano hiyo hawakuyaelewa hivyo.

Watoto walitaka kuandika "CIA ilimuua" na kufunga daftari. Sikuwaruhusu, na sikuwaruhusu pia waandike "CIA haikuhusika". Niliandika vitenzi ubaoni: alitaka, alipanga, aliagiza, alisaidia, aliua, aliacha auawe. Kila sentensi yao ilibidi ichague kitenzi kimoja na ionyeshe bahasha inayokibeba. Walibishana vikali, mmoja karibu alie, kuhusu tofauti ya "alisaidia" na "aliacha". Kwa Ubelgiji, ambayo tume ya bunge lake mwaka 2001 ilikiri dhamana ya kimaadili na serikali yake ikaomba radhi mwaka 2002, kitenzi walichokubaliana hakikuwa kile walichokubaliana kwa Marekani. Kwangu mimi hilo ndilo somo la historia lilipoanza, maana aya zao sasa zilikuwa na watu, tarehe na kipimo.

Pingamizi la mwenzangu

Mwalimu mwenzangu ninayemheshimu aliniuliza kama siwafundishi watoto kuichukia nchi wanayoishi. Swali lake nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa wengi wa watoto hawa hawana nchi nyingine. Nilimwonyesha kwamba bahasha ya saba ni kazi ya maseneta wa Marekani wenyewe, na kwamba Februari 1976 Rais Gerald Ford alitoa amri ya kupiga marufuku mauaji ya kisiasa yanayofanywa na watumishi wa serikali. Mtoto anayeijua bahasha ya tano bila ya saba amepunjwa, na anayeijua ya saba bila ya tano hajui kamati ilikuwa ikichunguza nini.

Ila sikukubali ushauri wake wa kupaka asali kidogo kila baada ya jambo chungu. Nilichofanya ni kuutia Mpango wa Marshall katika bahasha zile zile na kuuliza maswali yale yale. Watoto wakakuta hofu ile ile ya ukomunisti, mwaka 1948, ikizaa uamuzi mwingine kabisa: zaidi ya dola bilioni 13 za kuijenga Ulaya Magharibi. Wakauliza kwa nini hofu moja ilizaa fedha huku na sumu kule. Majibu yao yalitofautiana, na niliyaacha yatofautiane. Mwenzangu alikuja kuketi nyuma ya darasa siku ile, na sasa ananisaidia kutafuta nyaraka.

Safu ya tano

Kuhusu kijana wa Fizi, nilimwacha achague kazi yake mwenyewe, au asichague. Alichagua kuwa mtunza tarehe: yeye ndiye aliyetangaza siku ya kufungua kila bahasha. Siku moja mama yake alinisimamisha nje ya shule akaniambia kwamba baba mkwe wake, ambaye bado yuko Nyarugusu, alikuwa Fizi wakati wa Mulele, yaani uasi wa miaka ya 1960, na anazikumbuka ndege. Kijana akampigia babu simu Jumapili, akaandika aya moja: walikuwa wakilima usiku na kujificha porini mchana.

Tuliitafuta bahasha ya kuielezea aya hiyo. Mwaka 1965, Lyndon Johnson akiwa rais, CIA iliisaidia serikali ya Kongo dhidi ya waasi wa mashariki, Fizi ikiwemo, kwa ndege zilizorushwa na Wakuba waliokimbia utawala wa Castro. Tarehe zilikubaliana na za mzee.

Kipindi cha mwisho cha mada niliwarudishia jedwali la siku ya kwanza wajaze wanachoona kinapungua. Kijana aliandika 1965, akaandika Johnson, akaruka safu ya jina la sera. Kwenye lengo aliandika kuzuia waasi. Kisha akachukua rula, akachora safu ya tano pembeni, na juu yake akaandika: waliokuwa chini. Chini yake akaandika "babu".

Binti wa Puerto Rico alimwazima ile rula, akaanza kuchora safu kama hiyo kwenye mstari wa 1898.